Shaba za Mzambarauni

Watu wa mtaa wa Barani walishangaa kwa muda kumwona mwanamke akinunua vyuma chakavu, kisha wakazoea. Kadzo Sanga aliianza kazi hiyo baada ya hoteli alimokuwa akifua mashuka kufungwa na wafanyakazi kuambiwa warudi makwao. Alikodi kiwanja kwa mzee Uthman, mtu wa ukoo wenye ardhi ya siku nyingi pale Malindi, akasimamisha banda la mabati, akatafuta mizani ya kutundika. Watu wakamletea sufuria zilizotoboka, mota za pampu, betri, nyaya, na mabati yaliyoliwa na chumvi. Alipima, akalipa, akatenga chuma huku na shaba huku, na lori la Mombasa lilipokuja alipakia. Mikono yake ilikakamaa na sauti yake ikapanda kwa kushindana na kelele za mabati. Dena, mumewe, aliyekuwa dereva wa tuktuk, alipenda kuwaambia abiria wake kwamba nyumbani kwao mpole ni yeye.

Asubuhi moja alikuja bibi mmoja amebeba chungu kilichofungwa ndani ya leso. Jina lake Mumbua. Alizaliwa na kukulia kwenye lililokuwa shamba la mkonge la Mzambarauni, upande wa Watamu, ingawa jina lake na la baba yake yalikuwa ya Ukambani. Kadzo alimwamkia, akampa kiti, akafungua leso. Chungu kilijaa vipande vya shaba nyekundu, vya mviringo, vilivyopiga weusi kwa uzee, kila kimoja kina tundu katikati. Upande mmoja palichapwa jina la shamba, upande wa pili mchoro wa mkonge.

Kadzo alinyoosha mkono kwenye mizani. Bibi akamzuia. Hakuja kuuza, akasema, hataki hata senti.

"Nasikia wewe ndiye unayezipeleka kwenye tanuri. Basi nataka ziyeyuke mimi nikiwa hai."

Ndipo akaeleza. Baba yake, Mutuku, aliletwa Pwani akiwa kijana, kwa ahadi ya kazi ya msimu mmoja. Mzungu mwenye shamba hakuwalipa kwa pesa ya serikali. Aliwachapishia shaba zake mwenyewe, na shaba hizo zilipokelewa mahali pamoja tu duniani, kwenye duka la shamba lilelile, ambako unga ulikuwa na wadudu na bei alijipangia yeye. Mutuku alijinyima, akaweka akiba kwenye chungu, na msimu ulipokwisha akabeba mzigo wake akaenda barabarani kupanda basi arudi kwa mama yake. Utingo aliichukua shaba, akaing'ata, akacheka mpaka abiria nao wakacheka. Mutuku alirudi shambani kwa miguu. Hapo akaoa, hapo akazeeka, hapo akazikwa. Mama yake hakumwona tena. Chungu alimwachia Mumbua, na Mumbua amekaa nacho uvunguni mwa kitanda umri wake wote, hana pa kukiweka na hana pa kukitupa.

Kadzo alisikiliza akiwa ameshika shaba moja, akiizungusha baina ya vidole. Aliijua. Hawe yake, nyanya yake mzaa baba ambaye ndiye aliyemrithisha jina, alivaa moja shingoni kwa uzi mweusi. Kadzo alipokuwa akiota meno alikuwa akiingizwa ileile kinywani aing'ate. Kwao walisema ni pambo. Hakuna aliyemwambia kwamba hawe alichanwa mapaja na miiba ya mkonge ndipo akaipata.

Alimwambia Mumbua kwamba atalishughulikia jambo hilo. Hakusema vipi. Lori likaja likaenda, na chungu kikabaki nyuma ya mizani.

Kilichofuata Dena alikiita wazimu, na mwanzoni alikisema kwa kucheka. Kadzo alianza kufunga banda siku za Ijumaa na kwenda vijiji vilivyozunguka lile shamba la zamani, akiuliza nyumba kwa nyumba kama wana shaba yenye picha ya mkonge. Zilikuwako. Nyingine zilikuwa kete za dama. Moja ilipigiliwa mlangoni chini ya msumari ili msumari usizame. Mvuvi mmoja alikuwa amezifunga kwenye wavu ziuzamishe. Mama mmoja alikalisha kopo la chai juu ya shaba bila kujua ni nini, na mganga mmoja alimwambia Kadzo waziwazi kwamba yake haitoki kwenye mkoba, nafasi ya kuiangalia tu ndiyo anayompa. Kadzo hakununua hata moja. Aliomba aitunze, na kila aliyempa alimuuliza swali lilelile: ilikuwa ya nani?

Wengine hawakujua. Wengi walijua. Walisema ya babu, ya mama, ya shangazi aliyekatwa kidole na mashine ya katani. Kadzo alirudi bandani, akakata kibati kutoka kwenye sufuria ya aluminiamu iliyokufa, akachapa jina la mtu huyo herufi moja moja kwa patasi na nyundo, kisha akakifunga kibati na shaba pamoja kwa waya. Alichomelea kiunzi cha nondo, kirefu kama mlango, akavitundika humo. Upepo ulipopita vililia. Alikataa kuzisugua. Fundi mmoja wa bangili alimwambia kwamba kwa ndimu na majivu zingeng'aa kama mpya, na Kadzo akamjibu kwamba hazikuwahi kumng'arizia mtu maisha, ziache na weusi wake.

Mumbua alirudi kabla ya mvua za masika kuona kama ahadi imetimizwa. Alipokiona kiunzi alisimama mlangoni, akakunja uso. Akasema kwamba amedanganywa. Akasema aliyatoa mateso ya baba yake yachomwe, na sasa yametundikwa kama nguo kwenye kamba kila mpita njia ayaangalie. Kadzo alijua amevunja ahadi, akamwacha bibi amalize. Kisha akamshika mkono, akampeleka kwenye safu ya juu kabisa, akamwekea kidole juu ya kibati.

"Sijui kusoma," Mumbua akasema kwa ukali.

"Najua, bibi. Papasa tu. Hapa pameandikwa Mutuku."

Mumbua alipapasa. Alianzia mwanzo akafika mwisho, akarudia. Herufi zilikuwa kubwa, zimechimbwa, na patasi ilikuwa imepotoka kidogo kwenye herufi ya tatu. Akauliza kama ipo nyingine iliyoandikwa hivyo. Kadzo akamwambia kwamba shaba zote zilizotoka kwenye kile chungu zimeandikwa hivyo, hakuna hata moja iliyoachwa bila jina. Bibi akavuta ndoo, akaketi, akaomba maji ya kunywa. Kuhusu tanuri hakusema tena, siku hiyo wala baadaye.

Kwa muda mambo yalikwenda hivyo, mpaka alipokuja Vivian.

Vivian alikuwa meneja wa hoteli mpya ya Watamu, iliyojengwa pale palipokuwa na nyumba ya mzungu wa Mzambarauni, ukingoni mwa bahari. Alikuwa mtoto wa Kilifi, mwenye adabu, na aliongea na Kadzo kwa heshima, akimwita Mama Zipporah kwa jina la bintiye. Alieleza kwamba hoteli inafungua baa itakayoitwa Duka la Mzambarauni. Mgeni akifika atapewa shaba mkononi, na kwa shaba hiyo atajipatia kinywaji, kama ilivyokuwa zamani. Shaba za kuigiza wanazo. Walichokosa ni za asili, za kupamba kaunta na za wageni wakubwa. Walikuwa tayari kuchukua kiunzi chote kilivyo, na bei aliyoitaja ilimfanya Dena, aliyekuwa akifuta tuktuk yake pembeni, aache kufuta.

Kadzo aliuliza vibati vitawekwa wapi. Vivian akajibu kwa upole kwamba vibati havitahitajika.

"Basi na shaba hazitahitajika," Kadzo akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Wazimu ambao Dena alikuwa akiuchekea sasa haukumchekesha. Alimkumbusha mkewe kwamba Zipporah yuko chuoni anasomea uuguzi, kwamba paa la chumba cha nyuma linavuja, na kwamba babu hao wameshakufa na hawatamshukuru. Kadzo hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba kama njaa ingekuwa sababu ya kuuza, wenyewe wangeuza zamani, maana hakuna aliyekuwa na njaa kuliko wao. Kwa siku kadhaa Dena akawa anakula na kuondoka.

Hoteli haikungoja. Vijana wake walianza kupita vijijini wakitoa pesa taslimu kwa kila shaba, na watu waliokuwa wamempa Kadzo wakaanza kuja bandani, mmoja mmoja, macho chini. Wa kwanza alikuwa Nzai, mkulima wa mihogo, ambaye shaba ya babu yake Mwaro ilikuwa imetundikwa pale. Alijaribu kuzungumzia hali ya hewa kwanza. Kadzo akamsaidia kwa kumuuliza kama amekuja kuichukua. Nzai akaitikia kwa kichwa, akasema mke wake amelazwa.

Kadzo alipanda kwenye ndoo, akakata waya, akamwekea shaba kiganjani. Haikuwa yake hata aizuie. Lakini kibati alikibakiza. Kabla Nzai hajafika barabarani, alikirudisha mahali pake, peke yake, na nafasi ya shaba ikabaki wazi. Hivyo ndivyo alivyofanya kwa wote waliochukua, na mwisho wa mwezi kiunzi kilikuwa na mapengo kama kinywa cha mzee.

Mzee Uthman naye alimwita. Alimkaribisha barazani kwake, akamwagizia kahawa, akauliza habari za nyumbani moja baada ya nyingine kama desturi ilivyotaka. Kisha akaeleza kwa maneno mazuri kwamba mpwa wake ndiye anayewauzia samaki watu wa ile hoteli, na kwamba wamemwomba aseme na mpangaji wake. Hakutaka kumlazimisha. Angefurahi tu kama mambo yangekwisha kwa salama, kwa kuwa kile kiwanja wapo wengine wanaokitaka.

"Mwanangu, vipande vya shaba visikutoe mahali ulipokwisha kuzoeleka."

Kadzo alimwambia kwamba anamheshimu kama baba, na kahawa imemkolea vizuri, na kama ni kuhama atahama. Aliomba tu muda wa kubeba vyuma vyake. Mzee alimtazama kama mtu aliyetarajia mazungumzo marefu zaidi.

Basi likaja tangazo la ufunguzi. Lilisomwa redioni na kubandikwa kila nguzo kuanzia Gede hadi Watamu: siku ya kufungua Duka la Mzambarauni, yeyote atakayefika na shaba ya asili atakula na kunywa bure. Nia ilikuwa kuzivuta zile zilizobaki. Kadzo alilisoma mara ya kwanza akakasirika. Alilisoma mara ya pili akaanza kucheka peke yake, akafunga banda, akaenda kumtafuta Mumbua.

Siku yenyewe walikusanyika kina mama wote ambao hawakuwa wameuza, wamevaa leso mpya na waliokuwa nazo wamevaa dhahabu zao. Kila mmoja alikuwa na shaba yake shingoni, pamoja na kibati. Walikuwa wakijadili jinsi ya kumfikisha bibi Watamu pasipo kumchosha, ndipo tuktuk ya Dena iliposimama mbele yao. Alikuwa ameiosha. Hakumtazama mkewe, alimshika Mumbua mkono na kumpandisha, akawaambia wengine kwamba amewaita na madereva wenzake, wako njiani.

Langoni askari alisita. Kadzo akamsomea tangazo lililobandikwa nyuma yake. Wakaingia, wakapita bwawa la kuogelea, wakaenda kuketi kwenye meza zilizotandikwa vitambaa vyeupe, mbele kabisa, karibu na kaunta iliyopambwa kwa shaba za kina Nzai ndani ya kioo. Waliagiza samaki wa kupaka, kamba, wali wa nazi na maji ya madafu. Walikula polepole na kwa adabu. Mumbua aliomba aongezwe kamba, na akaongezwa.

Walipomaliza alikuja mhudumu na bakuli la mbao, akaliweka mezani mbele ya Mumbua, akaomba shaba. Bibi akafunika yake kwa kiganja.

"Hii ilikwisha kulipiwa," akasema. "Baba yangu aliilipia. Sitailipia mara ya pili."

Mhudumu akaenda kwa mama wa pili, akajibiwa vivyo hivyo. Wageni kwenye meza nyingine wakaanza kugeuka. Vivian alikuja kwa haraka lakini bila kelele, akainama karibu na Kadzo, akamwomba kwa sauti ya chini wasiharibiane siku.

"Hatujaja kuharibu," Kadzo akamwambia, naye hakuishusha sauti. "Mlisema mwenye shaba aje nayo ale. Tumekuja nazo, tumekula. Hamkusema aziache."

Kadzo akasimama. Hakuwa amepanga hotuba, na hakutoa. Alishika kibati cha kifuani mwake akasema jina la hawe yake, Kadzo, na kwamba alikata mkonge hapa na mtoto mgongoni. Akaketi. Mumbua akasimama kwa kushikilia meza, akasema: Mutuku, alitaka kurudi kwao, basi likamkataa. Akaketi. Wakasimama wengine, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na jina lake na neno moja au mawili. Shangazi aliyepoteza kidole. Baba aliyechapwa na nyapara kwa kuchelewa. Mama aliyejifungua kwenye mistari ya mkonge na jioni akaambiwa siku haikutimia, hana shaba.

Wa mwisho alipoketi, wageni wa upande wa bwawa walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya burudani. Kadzo akawageukia, akainua mkono.

"Hii si ngoma," akasema.

Makofi yakakatika. Hata wasiojua Kiswahili walielewa. Kina mama wakakusanya leso zao, wakawashukuru wapishi, wakatoka kwa lango lilelile waliloingilia.

Hoteli haikufungwa, na wala hakuna aliyemfuata Kadzo kumwomba radhi. Baa ilibadilishwa jina, mchezo wa kulipia vinywaji kwa shaba ukaachwa, na Vivian akahamishiwa tawi jingine. Zile shaba za ndani ya kioo zilibaki kwenye kaunta. Kadzo alikwenda kuomba majina yaandikwe chini yake, akaambiwa asubiri. Alipokwenda tena aliambiwa jina lake halimo katika wanaoruhusiwa kupita langoni. Mzee Uthman alikipangisha kile kiwanja kwa mtu mwingine, kama alivyosema, na Kadzo akahamishia mizani yake kando ya barabara iendayo Marereni, mahali penye vumbi na wateja wachache. Paa la chumba cha nyuma bado linavuja. Dena ameliziba kwa turubai na anasema litakuwa sawa. Nzai alifika huko kwenye banda jipya siku moja, mke wake akiwa amepona, akasimama mbele ya kibati cha Mwaro na ile nafasi tupu kando yake. Kisha akamsaidia Kadzo kupakia betri, akaenda zake.

Lakini ufuo hauna lango. Siku hizi kila Jumapili Dena hufunga kiunzi juu ya tuktuk, na Kadzo hukisimamisha mchangani mbele ya ukuta wa ile hoteli, mahali ambapo mtu yeyote ana haki ya kupita. Wageni wanaotoka kuogelea husimama, huuliza, na yeye huwaeleza kwa Kiswahili chake na Kiitaliano alichookota enzi za kufua mashuka. Mumbua alikuwa akija naye, akiketi kwenye kiti cha plastiki na mwavuli, mpaka alipofariki mwaka jana. Alizikwa na shaba moja ya Mutuku shingoni na kibati chake. Alitaka hivyo mwenyewe.

Jumapili iliyopita askari mpya alitumwa kumwambia aondoke. Alikuwa kijana mstaarabu. Alisema shikamoo kwanza, kisha akaeleza kwamba wakubwa wanaona kiunzi kinaharibu mandhari. Kadzo akaitikia marahaba, akamwambia arudi akawaambie wakubwa kwamba ameusikia ujumbe na hatoki. Kijana akangoja kidogo, akitazama vibati, akauliza kama kuna jina la watu wa kwao huko Jilore. Wakatafuta pamoja, likapatikana. Akalisoma mara mbili, akavua kofia, akairudisha, akapanda ngazi kuingia ndani. Maji yalikuwa yanajaa na wimbi lilikuwa limeanza kugusa miguu ya nondo. Kadzo akakikumbatia kiunzi, akakisogeza juu, karibu zaidi na ukuta.